Geti la gari: chuma, alumini au stenlesi?

SWALI: Nafasi ya kuingizia gari nyumbani kwangu ina upana wa mita 3.8 kati ya nguzo na nguzo. Nataka geti la mabawa mawili yanayofungukia ndani, kimo mita 1.8, lililozibwa ili wapita njia wasione uani. Bahari iko kilomita tatu hivi kutoka hapa. Kwa sasa tutafungua kwa mkono, mota itawekwa baadaye. Fundi mmoja anasema boksi la chuma la geji 16 na rangi ya mafuta vinatosha. Wa pili ananishauri alumini. Muuza vyuma naye anasisitiza stenlesi, eti haishiki kutu kamwe. Nimsikilize nani?

JIBU: Tengeneza fremu ya chuma cha kawaida, ichovywe nzima kwenye zinki ya moto baada ya kuchomelewa, kisha ipakwe rangi. Kama hakuna kiwanda cha kuchovya unachoweza kukifikia, chukua alumini. Stenlesi iachie bolti na pini za bawaba. Pendekezo la geji 16 na rangi ya mafuta likatae, kwa sababu kwa umbali huo kutoka baharini utakuwa unakwangua na kupaka upya kila baada ya muda mfupi, na sehemu inayooza hasa hutaifikia kwa brashi.

Sehemu hiyo ni ndani ya boksi, yaani bomba la pembe nne la fremu. Maji huingia kupitia mshono wa kuchomelea ambao haukuzungushwa wote, tundu la kitasa, au tundu la bolti. Hata pasipo mvua, hewa iliyo ndani hupoa usiku na mvuke wake hugeuka matone. Yote huteremka mpaka kwenye boksi la chini na kukaa humo. Kwa nje geti linang'aa, kwa ndani linaliwa, na siku unapoona kipovu cha kwanza cha rangi karibu na kona ya chini, ujue kutu inatoka nje, haiingii.

Angalia tarakimu. Kiwango cha kimataifa cha ISO 9223 hupanga hewa kwa madaraja ya ukali. Kilomita tatu kutoka baharini, kwa kutegemea upepo unavumia wapi, mara nyingi utakuwa C3 (hewa ya wastani) au C4 (hewa kali). Katika C4 chuma kitupu hupoteza mikroni 50 hadi 80 mwaka wa kwanza, ilhali zinki hupoteza mikroni 2.1 hadi 4.2 tu. Ukuta wa boksi la geji 16 ni milimita 1.5 hadi 1.6, yaani mikroni 1,500 na kidogo. Ungeliwa sawasawa ungechukua miaka mingi kuisha, lakini kutu ya kwenye maji yaliyotuama haili sawasawa. Huchimba mahali pamoja mpaka patoboke.

Sasa zinki. Kuchovya ni kuizamisha fremu iliyokwisha kuchomelewa kwenye beseni la zinki iliyoyeyuka, joto la nyuzi 450 hivi za Selsiasi. Zinki inaingia mpaka ndani ya boksi, mahali ambapo rangi yoyote haifiki, na inaungana na chuma chenyewe badala ya kukaa juu yake. Kwa chuma chenye unene wa milimita 1.5 hadi 3, kiwango cha ISO 1461 kinadai wastani usiopungua mikroni 55. Kikizidi milimita 3 hadi 6, mikroni 70. Gawanya 55 kwa 4 upate miaka kama 14 kwenye hewa kali, au gawanya kwa 2 upate 27 kwenye hewa ya wastani, kabla hujahesabu rangi iliyo juu. Na zinki hufanya jambo ambalo rangi haiwezi: mkwaruzo ukifika kwenye chuma, zinki ya pembeni hujitoa yenyewe na kukikinga.

Hapa watu wengi huteleza. Dukani kuna boksi jeupe linalouzwa kuwa "limeshapigwa zinki". Lile limepakwa kiwandani likiwa bado shiti. Daraja la kawaida, Z275, ni gramu 275 kwa mita ya mraba kwa pande mbili pamoja, ambazo ni kama mikroni 20 kila upande. Ukilikata, ncha zimebaki wazi. Ukilichomelea, zinki ya pembeni imeungua, tena penye kiungo, palepale panapohitaji kinga zaidi. Ni afadhali kuliko chuma cheusi, lakini si mbadala wa kuchovya. Fundi akilitumia, aondoe zinki kwa grenda sentimita 2.5 kila upande wa mshono, achomelee, kisha apake rangi yenye zinki nyingi. Afanye kazi hiyo penye hewa, kwa sababu moshi wa zinki huleta homa na kutetemeka saa chache baadaye.

Geti la kuchovywa lazima litengenezwe kwa kujua kwamba litachovywa, na maelezo haya mpe fundi kabla hajakata kipande cha kwanza. Kila boksi liwe na matundu ya kupitisha hewa na zinki, kwenye kona zinazokabiliana kwa mshazari. Kwa boksi la 50 kwa 50, tundu lisipungue milimita 12, na waulize wenye beseni kama wanataka kubwa zaidi. Jambo hili halina mzaha: boksi lililofungwa pande zote likiwa na unyevu ndani huweza kulipuka likizamishwa, maana maji hugeuka mvuke ghafla. Mishono izungushwe yote. Mshono wa kudonoadonoa huacha ufa mwembamba. Asidi ya kusafishia inaingia humo, zinki inashindwa kuufuata, na wiki chache baadaye machozi ya rangi ya kahawia yanachuruzika juu ya geti jipya.

Shiti ya kuzibia ndiyo yenye mtego mkubwa kuliko yote. Shiti ya milimita 1.5 iliyochomelewa kwenye fremu ikiingia kwenye beseni hupinda na kuwa na mawimbi, kwa kuwa yenyewe inapata moto na kupoa upesi kuliko boksi, na hakuna fundi atakayeinyoosha. Basi chovya fremu peke yake. Shiti iletwe baadaye, ikiwa imepigwa zinki na kupakwa rangi yake, ifungwe kwa riveti au bolti ndogo kila sentimita 20, na katikati ya shiti na fremu upitishwe ukanda mwembamba wa mpira ili isigonge upepo unapovuma. Faida ya ziada ni kwamba gari likiipiga, unabadilisha shiti bila kugusa fremu.

Kila kitu cha kuchomelewa kiwepo kabla ya kuchovya, ukiwemo mguu wa mota ambayo hujainunua. Chomelea bapa la milimita 6, sentimita 15 kwa 15, kwenye boksi la katikati la kulala, upande wa ndani, umbali wa sentimita 60 hadi 90 kutoka kwenye bawaba. Fungua kitabu cha mota uliyoikusudia upate kipimo chake kamili. Bapa hilo likija kuchomelewa miaka mitatu baadaye, litaunguza zinki mahali penye mzigo mkubwa. Bolti na pini za bawaba, kwa upande mwingine, zisichovywe zikiwa zimefungwa, zitaganda. Na uulize urefu wa beseni mapema, ingawa bawa lako dogo halitaleta shida.

Kuhusu rangi juu ya zinki, kosa moja linajirudia kila mahali: rangi ya mafuta ya kawaida hupakwa moja kwa moja. Zinki humenyuka kikemikali na mafuta ya rangi hiyo, ikatengeneza kitu kama sabuni kati yao, na ndani ya msimu mmoja au miwili rangi inabanduka vipande vipande kama ngozi. Osha kwanza kwa sabuni isiyo kali, paka praima iliyoandikwa wazi kuwa ni ya chuma chenye zinki, au piga msasa kidogo na kutumia praima ya epoksi, ndipo rangi ya juu ifuate. Rangi ya poda, ile ya unga unaookwa kwenye tanuri, nayo inafaa sana, mikroni 60 hadi 80, ila mpakaji aiweke fremu kwenye tanuri kwanza ili gesi iliyojificha kwenye zinki itoke. Asipofanya hivyo utaona vitundu vidogo kama vya sindano. Poda juu ya chuma cheusi kisicho na zinki hupendeza siku ya kwanza kuliko vyote, halafu mkwaruzo mmoja unatosha kuanzisha kutu inayotambaa chini yake bila kuonekana.

Tuingie kwenye uzito, maana huo ndio unaoamua nguzo, bawaba na mota. Boksi ninalokupendekezea ni 50 kwa 50 lenye ukuta wa milimita 3. Acha nafasi ya milimita 20 kila upande wa bawaba na 20 katikati, kila bawa litakuwa na upana wa mita 1.87. Mzunguko wa fremu pamoja na boksi la katikati ni mita 9.2. Boksi hilo lina kilo 4.25 kwa mita, kwa hiyo fremu ni kama kilo 39. Shiti ya milimita 1.5 ina kilo 11.8 kwa mita ya mraba, na bawa lako ni mita za mraba 3.37: kilo 40 nyingine. Jumla kilo 80 kwa bawa, bila bawaba na kitasa. Maboksi manne ya mita 6 yanatosha mabawa yote mawili, na kinabaki kipande kimoja cha kama mita nne kwa ajili ya mishazari.

Bawaba ya juu huvutwa kwa nguvu unayoweza kuikadiria hivi: uzito mara umbali wa kitovu cha bawa kutoka kwenye bawaba, gawanya kwa umbali kati ya bawaba mbili. Zikiwa mita 1.5 mbalimbali, ni 80 mara 0.94 gawanya 1.5, kama kilo 50 zinazovuta nguzo kuja ndani. Ungefanya bawa moja la mita 3.8 badala ya mawili, uzito ungekuwa maradufu na kitovu kingesogea maradufu, mvuto ungefika kilo 200. Ndiyo sababu mabawa mawili ni uamuzi mzuri, na ndiyo sababu ya kuziweka bawaba mbali iwezekanavyo, moja karibu na juu kabisa, nyingine karibu na chini kabisa. Bawaba ya chini ndiyo inayobeba uzito; iwe na beringi au kikombe chenye grisi. Ya juu iwe ya bolti yenye nyuzi, milimita 20 kwa unene, ili uweze kulirekebisha bawa likianza kuinama.

Mshazari nao una upande wake. Ukitumia bapa jembamba, litoke kona ya juu penye bawaba lishuke kona ya chini penye kitasa, kwa sababu bapa hufanya kazi likivutwa tu. Likiwekwa kinyume linasukumwa, linapinda, na bawa linainama kama vile halikuwepo. Boksi linaweza kukaa upande wowote.

Upepo usiusahau, hasa kwa geti lililozibwa. Upepo wa mita 20 kwa sekunde, ambao ni kilomita 72 kwa saa, husukuma kwa nguvu ya nyutoni 245 hivi kwa mita ya mraba. Bawa lako litasukumwa kwa zaidi ya kilo 80, sawa na uzito wake lenyewe, na mota itapambana na hilo bila kujali umetumia chuma au alumini. Kama eneo ni la wazi, badala ya shiti tumia vibao vilivyoinamishwa kama vya dirisha la luva: macho yanazuiwa, upepo unapita.

Kwa nguzo, ikiwa ni za chuma, boksi la 100 kwa 100 lenye ukuta wa milimita 5, lililochovywa, ndani ya shimo la sentimita 45 kwa 45 na kina cha sentimita 90. Zege liinuke sentimita 5 juu ya ardhi na uso wake uteremke kila upande, kwa kuwa nguzo huoza kwenye mstari wa udongo kabla ya mahali pengine popote. Ikiwa nguzo zako ni za matofali, usimruhusu fundi aweke bawaba kwenye ukuta mtupu. Ndani pawe na nguzo ya zege yenye nondo na vishikio viingie humo.

Alumini sasa. Sifa zake ni za kweli: uzito wake ni kama theluthi moja ya chuma kwa ujazo uleule, na haioti kutu nyekundu. Lakini pia hupinda mara tatu zaidi ya chuma kwa boksi la ukubwa uleule, na hapa wauzaji hunyamaza. Ukitaka bawa lisiyumbe kama lile la chuma, itakubidi utoke boksi la 50 uende la 75 kwa 75 lenye ukuta wa milimita 3. Hilo ni kilo 2.33 kwa mita. Fremu kilo 21, shiti ya milimita 2 kilo 18, jumla kama 40. Basi uzito halisi ni nusu ya ule wa chuma, si theluthi. Bado ni faida nzuri kwa mota na bawaba.

Taka aloi ya 6061 au 6063, na uulize sana kuhusu kuchomelea. Alumini hizi hupata nguvu kwa kutiwa joto maalumu kiwandani, na moto wa kuchomelea huifuta nguvu hiyo pembeni mwa mshono, ikashuka mpaka karibu nusu. Ufa ukitokea, utakuwa pale, sentimita moja au mbili kutoka kwenye mshono. Kwa hiyo kona zipewe mabamba ya pembetatu, au fremu iunganishwe kwa vipande vya kona na bolti bila moto. Fundi awe na mashine ya kuchomelea aina ya TIG ya umeme wa AC na gesi ya argoni. Fito za chuma hazina kazi hapa, na fundi anayesema atajaribu mwachie ajaribu kwenye geti la mwingine.

Adui wa alumini si hewa, ni majirani zake. Ikigusana na chuma kitupu penye unyevu wa chumvi, yenyewe ndiyo inayoliwa: utaona unga mweupe kuzunguka bolti. Tumia bolti za stenlesi zenye washa za nailoni, na kati ya alumini na nguzo ya chuma weka plastiki. Zege na chokaa mbichi pia huichoma, kwa hiyo isichimbiwe kamwe. Halafu kumbuka ulinzi: alumini hukatwa kwa msumeno wa mkono bila kelele nyingi, na gari likiigonga mara nyingi ni kuagiza kipande kipya, ilhali chuma kilichopinda fundi yeyote atakinyoosha.

Kuhusu stenlesi, neno "kamwe" lifute. Gredi ya 304 ina kromiamu asilimia 18 na nikeli 8, na kwenye hewa ya bahari hupata madoa ya rangi ya chai ndani ya miezi. Ya 316 ina molibdenamu asilimia 2 na kitu, inavumilia vizuri zaidi, lakini nayo inataka kung'arishwa laini na kuoshwa kwa maji yasiyo na chumvi mara kwa mara, maana uso wenye mikwaruzo hushika chumvi. Madukani kuna pia 201, yenye nikeli kidogo, inayouzwa kwa jina la 304. Sumaku haitakusaidia kuzitofautisha, zote mbili karibu hazivutwi. Dai cheti cha kiwanda. Grenda iliyokwisha kukata chuma cheusi ikigusa stenlesi huacha chembe zinazoota kutu siku chache tu. Na uzito wake hauna nafuu yoyote kuliko chuma. Kwa geti zima, ni mzigo usio na sababu.

Mengine kwa haraka. "Chuma cha kufua" kinachotangazwa leo ni chuma cha kawaida kilichopindwa maua. Kile cha kale, chenye nyuzi za taka ndani, kiliacha kuzalishwa kibiashara miaka ya 1970. Mapambo ya chuma cha kusubu ni magumu lakini hupasuka yakigongwa, na kuyachomelea kunataka fito za nikeli na kupashwa moto kwanza, kwa hiyo yafunge kwa bolti. Chuma cha Corten, kile chenye kutu ya kahawia inayojikinga, kiondoe kabisa mawazoni mwako: karibu na chumvi kutu yake haitulii, inaendelea kula, na maji yake yatachafua sakafu yako.

Ukienda kununua boksi, usiamini neno "geji", pima kwa kalipa kwenye ncha, au pima uzito wake. Boksi la mita 6 la 50 kwa 50 kwa 3 linapaswa kuwa na kilo 25 na nusu. Ukipewa lenye 17 na ushee umeuziwa la milimita 2. Fremu ikirudi kutoka kuchovywa, chungulia matundu yote kwa tochi uone kama ndani kumeng'aa. Sehemu ndogo zilizokosa zinki zinaweza kurekebishwa kwa rangi ya zinki yenye unene wa mikroni 100, lakini zikizidi nusu ya asilimia ya uso wote, irudishwe. Matundu ya juu yazibe kwa vizibo vya plastiki, ya chini yaache wazi ili maji yatoke.

Malipo ya mwisho yazuie mpaka geti lining'inizwe. Fungua kila bawa hadi nusu, uliachie. Likibaki palepale, nguzo imesimama wima. Likienda lenyewe, nguzo imelala, na huo ndio wakati wa kuirekebisha, kabla mota haijafungwa.